Je, Wajua? Juba, Mji Ambao Ndege za Vita za Zamani Bado Zinachapa Kazi

Je, wajua kwamba An-26, ile ndege yenye tumbo la kufunguka kwa nyuma inayoshusha katoni za sabuni na magunia ya unga Juba, iliundwa kubeba askari na magari ya jeshi la Umoja wa Kisovieti? Iliruka mara ya kwanza tarehe 21 Mei 1969, na kiwanda cha Kyiv kikaacha kuitengeneza mwaka 1986. Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Piga hesabu mwenyewe: kila An-26 inayogusa lami ya Juba imeizidi umri nchi hii kwa karibu miaka 25 au zaidi. Ulaya ndege nyingi za rika hilo zimewekwa kwenye makumbusho, na watu hukata tiketi wakaziangalie. Hapa tunakata tiketi tuzipande.

Ndiyo maana safu ya leo ni ya mafundi. Wapo wanaofufua ndege za vita za zamani kwa ajili ya maonyesho, na kazi yao tutaigusa. Ila anayenigusa mimi zaidi ni yule anayeshika spana kwenye jua la Juba, kwa sababu ndege yake haiendi kwenye maonyesho. Inakwenda Wau, Rumbek na Malakal, na ndani yake mna watu.

Je, wajua An-26 ina injini tatu? Mbili zenye propela kila mtu anaziona. Ya tatu ni injini ndogo ya jeti iliyofichwa nyuma ya injini ya kulia. Kazi yake ya kwanza ni kutoa umeme wa kuwashia zile kubwa, kwa hiyo ndege inaweza kutua kwenye uwanja usio na mtambo wowote na bado ikajiwasha yenyewe. Kazi ya pili ni kusukuma wakati wa kuruka. Juba iko mita 460 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwezi Machi joto la mchana hufika nyuzi 38. Hewa ya joto ni nyepesi: bawa linakosa cha kuegemea, propela inakosa cha kukamata, na injini inakosa hewa ya kuchomea mafuta. Mzigo ule ule unaopaa kwa raha saa 12 asubuhi unaweza kuigomesha ndege saa 8 mchana. Kwa hiyo fundi anayeiacha injini hiyo ndogo bila matunzo, kwa kuwa “kubwa mbili zipo”, anacheza na roho za watu.

Je, wajua umri wa ndege huhesabiwa mara tatu? Kuna miaka tangu itoke kiwandani, kuna saa ilizoruka, na kuna idadi ya mara ilizotua. Ndege iliyolala miaka 10 bila kuruka haijapumzika, imezeeka. Mpira wa mabomba umekauka, kutu imeingia kwenye viungo vya bati, mafuta yameganda. Kila kipimo kati ya hivyo vitatu kina kikomo chake, na kikifika, ndege inafunguliwa na kukaguliwa upya au inaachwa kabisa.

Kikomo hicho si urasimu wa makaratasi. Tarehe 4 Novemba 2015, An-12 iliyotengenezwa mwaka 1971 iliruka kutoka Juba na haikufika mbali. Ilianguka kando ya Mto Nile na kuua watu zaidi ya 30. Kampuni ya Antonov ilieleza baadaye kwamba ndege ile haikuwa imefanyiwa matengenezo kwa wakati wala kuongezewa muda wa kuruka kama inavyotakiwa. An-12 ni ya zamani kuliko An-26. Ya kwanza ilipaa tarehe 16 Desemba 1957. Ukiitazama kwa nyuma utaona chini ya mkia kijumba cha vioo: hapo ndipo alipokaa askari wa mizinga. Ndege iliyozaliwa na kiti cha mpiga mizinga mkiani, na sisi tunaipakia magodoro.

Je, wajua kwa nini bolti za injini ya ndege hufungwa kwa waya? Kukaza kwa spana hakutoshi, maana injini inatikisika saa nyingi na bolti hulegea polepole bila mtu kujua. Fundi hupitisha waya mwembamba kwenye tundu la kichwa cha bolti, anausokota nyuzi mbili pamoja, kisha anaufunga kwenye bolti ya jirani. Siri iko kwenye upande wa kuvutia: waya lazima uvute kuelekea upande wa kukaza, ili bolti moja ikijaribu kulegea iivute mwenzake ikazike zaidi. Ukifungwa kinyume, waya unaonekana mzuri kwa macho na haufanyi kazi yoyote.

Je, wajua kokoto moja ya murramu inaweza kuua propela? Viwanja vingi vya Sudan Kusini ni vya udongo. Propela ikizunguka karibu na ardhi huinua kokoto na kuzipiga, na kila pigo huacha kidonda kwenye ukingo wa mbele. Kidonda chenye ncha kali ndicho mwanzo wa ufa. Basi fundi huchukua tupa na kukilainisha, anakipanua taratibu mpaka kiwe bonde pana lisilo na kona, halafu anakipiga msasa mwembamba. Kwa asiyejua, anaonekana anaongeza jeraha. Na vipo vipimo: kidonda kikizidi kina fulani, tupa haisaidii tena, propela inashushwa.

Nyigu nao ni adui. Mbele ya ndege au ubavuni kuna kijibomba chembamba kinachopima kasi kwa nguvu ya upepo unaoingia. Nyigu wa udongo hupenda kujenga humo, na nyumba moja ya nyigu inatosha kumwonyesha rubani kasi ya uongo. Ile mifuniko midogo yenye utepe mwekundu unayoiona ikipepea kwenye ndege iliyoegeshwa ni kwa ajili hiyo. Kusahau kuivua kabla ya kuruka ni balaa sawa na kutoiweka.

Je, wajua wapo mafundi wa ndege wanaohifadhi misumari kwenye friji? Ngozi ya ndege huunganishwa kwa ribiti, vijisumari vya alumini vinavyopigwa mpaka vibane bati pande zote mbili. Ribiti za aina moja ngumu, za mchanganyiko wa alumini na shaba, huchomwa kwanza kwenye tanuri, zinapozwa ghafla kwenye maji, kisha zinawekwa kwenye baridi kali. Humo zinabaki laini. Ukizitoa zinaanza kuwa ngumu zenyewe, na fundi ana dakika chache tu za kuzipiga. Akichelewa, zitapasuka kichwa. Sasa fikiria kazi hiyo mahali ambapo friji inategemea jenereta.

Na kupiga ribiti ni kazi ya watu wawili wasioonana. Mmoja yuko nje na mashine ya kugonga. Mwenzake amejikunja ndani ya bawa au tumbo la ndege, mahali pa giza na joto, ameshika kipande cha chuma kizito nyuma ya bati ili ribiti ipate cha kujibana nacho. Kelele haziruhusu mazungumzo, kwa hiyo wa ndani hujibu kwa kugonga chuma: pigo moja, ongeza; mapigo mawili, imekaa sawa; matatu, imeharibika, itobolewe ianze upya. Ndege moja ya uchukuzi ina maelfu kwa maelfu ya ribiti. Katika kazi zote za ufundi ninazozijua, sijaona nyingine inayodai kuaminiana kama hii.

Je, wajua kwa nini fundi wa ndege ya zamani huzungusha propela kwa mkono kabla ya kuwasha injini? Injini zile zenye silinda zilizopangwa duara, kama za Caribou ambazo majeshi ya Kenya na Tanzania yalizitumia kuanzia miaka ya 1960, huvuja oili taratibu zinapopumzika. Oili hukusanyika kwenye silinda za chini. Ukiwasha ghafla, pistoni inakutana na kimiminika kisichobanika na konrodi inapinda. Fundi akizungusha polepole, mkono wake husikia uzito wa oili kabla injini haijaumia. Akikuta imegoma halazimishi. Anafungua plagi za silinda za chini na kuimwaga. Caribou zilitoka Canada, na Canada ndiyo iliyoisaidia Tanzania kuanzisha kikosi chake cha anga.

Spana ikipotea, ndege hairuki. Kwenye karakana nzuri kila kifaa kina alama ya umbo lake ubaoni, ili jioni nafasi tupu ionekane kwa mbali. Watu huitafuta hata usiku kucha, kwa sababu spana iliyosahaulika ndani ya mkia inaweza kubana nyaya za usukani angani.

Turudi nyuma, maana Juba na mafundi wa ndege walijuana zamani.

Je, wajua kwamba ndege za abiria zilikuwa zikitua juu ya maji ya Nile hapa Juba? Shirika la Uingereza la Imperial Airways lilifungua njia ya kutoka London hadi Mwanza mwezi Februari 1931, na njia hiyo ilipita Juba. Kuanzia mwaka 1937 zikaja ndege-boti kubwa za injini nne zilizoundwa na Short Brothers wa Rochester, dada wa Sunderland, ile ndege ya kivita iliyowinda nyambizi katika Vita Kuu ya Pili. Zilitoka Kisumu na Port Bell, zikashuka Juba kunywa mafuta, kisha zikaendelea Malakal na Khartoum.

Tarehe 14 Machi 1939 mojawapo, iliyoitwa Corsair, ilikuwa ikija Juba ikapotea. Kifaa cha redio cha kuonyesha mwelekeo kilikuwa na hitilafu, mawingu yalifunika, mafuta yakawa yanakwisha. Nahodha E. S. Alcock, ndugu yake John Alcock aliyevuka Atlantiki kwa ndege mwaka 1919, akaona mto mwembamba chini akaamua kutua. Ulikuwa mto Dungu, karibu na Faradje, ndani ya Kongo ya Wabelgiji. Ndege ilitua, ikagonga mwamba, tumbo likapasuka. Wote waliokuwemo walitoka salama. Ndege ikabaki imezama nusu, porini, maili nyingi kutoka kwenye karakana yoyote.

Mwenye busara ya kawaida angeiacha. Imperial Airways wao walileta mafundi kutoka Uingereza. Walifika na bati, ribiti na vifaa, wakaitoa majini, wakaitengenezea mahali pa kusimama kwenye ukingo, na wakashona tumbo lake upya kwa miezi kadhaa, katika joto, mbu na mvua. Tarehe 14 Julai ikajaribu kuruka. Ikagonga mwamba mwingine uliojificha majini, ikapasuka tena.

Hapo ndipo kisa kinapokuwa cha ajabu. Mwezi Septemba vita vikaanza Ulaya, kila ndege ya aina ile ikawa lulu, na ukaja uamuzi wa kuitengeneza mara ya pili. Safari hii hawakuitengeneza ndege peke yake. Waliutengeneza na mto. Lilijengwa bwawa kuvuka Dungu ili maji yapande na kufunika miamba. Barabara ikachongwa, pakaota kijiji cha wafanyakazi, na Waingereza wakakiita Corsairville. Tarehe 6 Januari 1940, rubani John Kelly-Rogers aliipandisha kutoka kwenye maji yale ya bwawa ikiwa na mafuta kidogo ili iwe nyepesi, na akaileta Juba. Corsair ilifanya kazi vita vyote, na haikuvunjwavunjwa hadi mwaka 1947.

Leo hakuna hata moja ya ndege-boti za aina ya Corsair iliyobaki duniani, kwenye makumbusho wala kwingineko. Na kinachonikera katika kisa hiki ni kwamba majina ya marubani yanajulikana, na mafundi wa Rochester nao hukumbukwa kidogo, lakini Wakongo waliobeba mawe ya bwawa, waliochonga barabara na kuikokota ndege kwa kamba, hutajwa kwa jumla tu, kama vile ni sehemu ya mandhari. Bila bwawa lao, Corsair ingeozea pale pale.

Je, wajua kwamba hata kabla mji wa Juba haujakua, ndege za kivita zilikwisha kupita jirani? Februari 1920, Vickers Vimy, aina iliyoundwa kuwa ndege ya mabomu, ilipita Mongalla, kaskazini ya Juba ya leo, ikitoka Cairo kuelekea Rasi ya Tumaini Jema. Maji ya kupoza injini yalikuwa yakivuja safari nzima. Mafundi wawili waliomo waliziba, wakajaza, wakaziba tena. Ilifika Tabora, na hapo tarehe 27 Februari ikaanguka wakati wa kuruka na safari ikaishia hapo.

Mwezi huo huo Vimy nyingine, Silver Queen ya Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, ilianguka Korosko, Nubia. Injini zake zilikuwa bado nzima. Zikang'olewa, zikarudishwa Cairo, zikafungwa kwenye mwili wa Vimy ya pili. Hiyo nayo ikaanguka Bulawayo, na wakamalizia kwa ndege ya tatu aina ya DH.9. Wenyewe wakapewa vyeo vya heshima. Mimi ningetamani kuwajua waliohamisha zile injini jangwani.

Je, wajua fundi aliyemzidi rubani wake? Januari 1914 Mfaransa Marc Pourpe aliruka kutoka Cairo hadi Khartoum. Fundi wake, Raoul Lufbery, alimfuata ardhini kando ya Nile ili aitengeneze ndege kila inapotua. Pourpe alikufa vitani mwaka ule ule. Lufbery akajifunza urubani, akawa mmoja wa marubani wa kivita waliosifika zaidi katika Vita Kuu ya Kwanza, na akafa katika pigano la angani mwezi Mei 1918.

Tushuke pwani kidogo. Mwaka 1914 meli ya kivita ya Kijerumani Königsberg ilijificha kwenye delta ya Rufiji. Waingereza walimleta Dennis Cutler kutoka Durban na ndege yake ya majini aina ya Curtiss. Rejeta ilipoharibika, ilitafutwa nyingine Mombasa: ya gari la Ford! Ikafungwa, na ndege ikaruka. Mapema mwaka 1915 zililetwa ndege za Sopwith kwenye kisiwa cha Niororo, karibu na Mafia, na hizo zikashindwa na joto, maana gundi iliyoshika mbao ilianza kuachia. Hatimaye Julai 1915 ndege zilizoruka kutoka Mafia ziliongoza mizinga iliyoimaliza Königsberg. Mzinga wake mmoja unauona hadi leo Fort Jesus.

Je, wajua MV Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, iliwahi kushambuliwa kwa ndege zilizofika kwenye masanduku? Mwaka 1916 Wabelgiji walileta ndege nne za majini aina ya Short 827 kutoka Uingereza. Zilivuka bahari hadi mlango wa Mto Kongo, zikapanda treni, boti na treni tena, na zikaunganishwa upya kwenye ziwa dogo la Tongwe, si mbali na Kalemie. Mwezi Juni zikaanza kupiga mabomu Kigoma, ambako meli hiyo, wakati huo Graf von Götzen, ilikuwa imetia nanga. Wajerumani wakaizamisha wenyewe tarehe 26 Julai, lakini kwanza mafundi wao waliipaka injini grisi nzito. Ilipoibuliwa mwaka 1924 mitambo ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini.

Je, wajua Ethiopia iliunda ndege yake mwaka 1935? Mjerumani Ludwig Weber, rubani wa Mfalme Haile Selassie, aliiunda Addis Ababa pamoja na mafundi wa Kiethiopia, ikaruka mwezi Desemba, ikapewa jina Tsehay, la binti wa mfalme. Mwaka uliofuata Waitalia waliiteka nchi na kuondoka na ndege. Ilikaa Italia kwenye makumbusho ya jeshi la anga hadi iliporudishwa rasmi tarehe 30 Januari 2024. Ilichukua miaka 88 kurudi nyumbani.

Na Eritrea, huko Gura, mwaka 1942 kampuni ya Douglas ya Marekani iliendesha karakana kubwa ya kutengeneza ndege za Waingereza zilizoumia vitani Afrika Kaskazini. Ilifanya kazi kwa muda mfupi, kisha vita vikahamia mbali.

Sasa jambo zito. Je, wajua kwamba ndege za kivita zilipiga mabomu Wanuer mwaka 1927? Desemba mwaka huo jeshi la anga la Uingereza lilituma ndege aina ya DH.9A dhidi ya Guek, mwana wa nabii Ngundeng, katika eneo ambalo leo ni Jonglei. Zilipiga watu na ng'ombe wao, na zikajaribu kubomoa kilima cha udongo alichokijenga Ngundeng huko Dengkur. Mabomu yalikichubua tu. Askari wa miguu ndio waliokuja baadaye kukilipua kwa baruti, na Guek akauawa hapo hapo mwezi Februari 1929.

Linganisha na hili. Huko Bikaner, India, mabaki ya ndege za DH.9, ndugu wa zile zilizotumwa kwa Wanuer, yalikutwa kwenye zizi la zamani la tembo ndani ya ngome ya mfalme. Mbao zilikuwa zimeliwa na mchwa. Mafundi wa Uingereza waliyachukua, wakaunda mbao upya kwa kufuata vipande vilivyosalia, wakashona vitambaa, wakavipaka rangi ya kuvikaza, na Mei 2019 moja ikaruka kwenye uwanja wa Duxford. Ni DH.9 pekee duniani inayoruka. Ufundi ule ni wa kuvulia kofia, nami nausifu kwa moyo wote. Ila natamani kwenye kibao kinachosimama mbele ya ndege kama hiyo pawe na mstari mmoja wa Dengkur.

Wasomaji wa Kenya wana kisa chao. Ndege ya mafunzo ya Harvard, kipenzi cha maonyesho ya anga kwa ngurumo yake, ndiyo iliyopiga mabomu misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya kuanzia mwaka 1953 kuwasaka wapiganaji wa Mau Mau. Baadaye zikaongezwa Lincoln za injini nne. Kituo chao kikubwa kilikuwa Eastleigh, Nairobi, ambacho leo ni kambi ya jeshi la anga la Kenya.

Na kwetu hapa kumbukumbu bado ni mbichi. Katika vita vya 1983 hadi 2005, An-24 na An-26 za serikali ya Khartoum zilitumika kama ndege za mabomu ingawa hazikuundwa kwa kazi hiyo: mabomu yalisukumwa kwa mikono kupitia mlango wa nyuma. Mwaka 2000 yaliangukia hospitali ya Lui na soko la Yei. Familia zilichimba mahandaki uani, na watoto walijua kuitambua sauti ya injini kabla ndege haijaonekana. Mtu mzima wa Equatoria anaposimama ghafla akainua kichwa An-26 ikipita, usimcheke. Ni mlango ule ule unaotoka sabuni.

Je, wajua ndege za mabawa mawili yaliyopandana zilikaribia mpaka wetu mwaka 2016? Msafara wa ndege za zamani kutoka Krete hadi Cape Town, zikiwemo Tiger Moth na Stearman zilizowahi kufunzia marubani wa vita, ulitoka Sudan ukatua Gambella, Ethiopia, mwezi Novemba. Marubani wakazuiliwa kwa siku kadhaa, kisha wakaruhusiwa kuendelea Kenya. Sudan Kusini waliikwepa.

Wilson Airport ya Nairobi, ambako ndege nyingi za kuja Juba hufanyiwa matengenezo, inaitwa hivyo kwa heshima ya mwanamke: Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha Wilson Airways mwaka 1929 na ndege moja ya Gipsy Moth. Vita vya 1939 vilipoanza, jeshi lilichukua ndege zake na kampuni ikafa.

Je, wajua injini ya ndege ya kwanza ya ndugu wa Wright iliundwa na fundi wao wa baiskeli? Charles Taylor aliichonga mwaka 1903 kwa wiki kama sita, ikatoa nguvu za farasi 12. Marekani huadhimisha siku ya mafundi wa ndege tarehe 24 Mei, siku yake ya kuzaliwa. Afrika Mashariki ingefaa iwe na yake.

La mwisho ni kwa vijana wa Gudele, Munuki na Gumbo hapa Juba wanaoniuliza njia ya kuwa fundi wa ndege. Sudan Kusini imo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016. Soroti, Uganda, kuna chuo cha usafiri wa anga kilichoanzishwa na Jumuiya ya zamani mwaka 1971, kinachofundisha marubani na mafundi. Nairobi kuna East African School of Aviation, na Dar es Salaam kuna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Cheti peke yake hakikupi ruhusa ya kusaini. Leseni huja baada ya mitihani na miaka ya kushika kazi chini ya fundi mwenye leseni, na hutolewa kwa aina ya ndege: aliyehitimu Cessna hasaini Antonov. Saini ndiyo yenye uzito, kwa sababu baada ya matengenezo rubani hana ruhusa ya kuruka mpaka iwepo, na mambo yakiharibika uchunguzi huanza na kitabu ilimoandikwa. Masomo ambayo vyuo huyatazama kwanza ni hisabati, fizikia na Kiingereza.